Ukuta wa Nili wa Bwana Kheri

Hapo zamani, wakati nyumba zilipokuwa zikipakwa chokaa na mwenye kupenda urembo akaitia nili ya buluu, palikuwa na mshona kofia akiitwa Bwana Kheri. Alikuwa na wake wawili, sebule moja, na binti mmoja, Zakia. Ukishasikia wake wawili na sebule moja, nusu ya hadithi umeshaijua. Nyamazeni niwape nusu ya pili.

Zakia alizaliwa na Bi Saumu, mke mdogo. Uzazi ulimlemea, homa ikataka kumwua, ndugu zake wakaja kumchukua wakamuuguze kwao. Akakaa huko miaka saba. Nyuma kaacha kichanga kisicho na ziwa. Jirani yao, Bi Mkasi, alikuwa ananyonyesha wa kwake. Akampakata na Zakia, akamnyonyesha miaka miwili. Mtoto alipoacha ziwa akalelewa na Bi Mwatime, mke mkubwa, ambaye Mungu hakumjaalia kuzaa.

Sasa sikilizeni wivu ulivyofanya kazi. Kila mtoto alipokimbilia kwa Mkasi, Mwatime aliona wivu, hata siku moja akautia komeo mlango wa uani. "Ziwa ameshaacha. Kwako anafuata nini?" Mkasi akarudi kwake, hakusema neno. Saumu naye alipopona akarudi, akamkuta mtoto anamwita Mwatime mama. Akaona wivu, akampiga kofi mtoto wa miaka saba. Tangu siku hiyo Zakia akawa anawaita wote wawili mama, kwa sauti ndogo, akiangalia kwanza nani yuko karibu.

Hata Zakia akaposwa. Katika mji ule, bibi harusi siku ya kutolewa huketishwa sebuleni, ukuta nyuma yake, zulia au mkeka chini yake. Mwanamke aliyemtandikia huketi naye mkono wa kulia, na wageni humpa mkono huyo: "Hongera, mama wa bibi harusi." Nafasi ni ya mtu mmoja.

Saumu akasema, "Nitatandika mimi."

Mwatime akasema, "Nitatandika mimi."

Wakamgeukia mume. Bwana Kheri angeweza kukata shauri, lakini alikuwa mtu wa kuogopa kelele. Akasema, "Mimi sichagui mtu. Nitapaka ukuta rangi. Tandiko litakalopatana na ukuta ndilo litakalotandikwa. Hakimu ni ukuta." Wanaume wengine, Mungu awasamehe!

Ukuta ukapakwa chokaa yenye nili. Lakini nani atatoa mkeka wa kukinga matone sakafuni? Saumu hakutaka wake uchafuke. Mwatime hakutaka wake uchafuke. Wakaazima kwa jirani. Mkasi akatoa mkeka wake mkuukuu, hakusema neno.

Saumu akautazama ukuta ungali mbichi, buluu imekolea. Mbio mpaka dukani kwa kaka yake, akarudi na zulia la buluu iliyokolea vilevile. Masikini! Chokaa ikikauka hupauka. Kesho yake ukuta ulikuwa mweupe wenye ubuluu kwa mbali, na zulia limekaa chini yake kama wino uliomwagika. Mwatime, aliyepaka kuta tangu usichana wake, alingoja ukauke. Akasuka mkeka wa ukindu mweupe wenye mistari ya buluu hafifu. Alipoutandika, mkeka na ukuta vikawa kitu kimoja. Angenyamaza, pengine yangekwisha. Lakini alicheka, akasema, "Mwenzangu, hata rangi inataka aliyekaa nayo."

Neno lile likamchoma Saumu. Mwatime alipokwenda kisimani, Saumu akakoroga nili akaupaka ukuta upya. Ukakauka buluu ya zulia lake. Saumu alipokwenda kuagiza maua, Mwatime akakoroga chokaa akaupaka ukuta upya. Ukakauka weupe wa mkeka wake. Saumu akapaka nili. Mwatime akapaka chokaa. Nili, chokaa, nili, chokaa, na mkeka wa Mkasi uko chini unapokea matone. Mkasi aliwaona wote wawili kupitia dirisha lake. Saumu alipopungukiwa maji, Mkasi akampa maji. Mwatime alipokosa brashi, Mkasi akampa brashi. Hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya harusi ikafika, wageni wakajaa uani, na hakuna tena aliyepata nafasi ya kupaka. Kwa kupakwa mbiombio, rangi juu ya rangi mbichi, ukuta ulikuwa mabaka matupu: hapa buluu, pale weupe, michirizi juu hadi chini. Saumu akatandika zulia lake. Halikupatana. Mwatime akatandika mkeka wake. Haukupatana. Ndipo Mkasi akaingia kuchukua kilicho chake. Akauinua mkeka wake mkuukuu, akaukung'uta, na watu wakaguna. Mabaka ya ukuta ndiyo mabaka ya mkeka, michirizi kwa michirizi.

Saumu akasema, "Ukuta ulioharibika hauhukumu! Nimemzaa mimi, nusura nife. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nina wivu, sikatai. Mwatime anayo miaka mitano ya mwanangu. Mimi naomba siku moja."

Mwatime akasema, "Ukuta ulipakwa kwa haki mara moja tu, na mara hiyo ulinichagua mimi. Aliyeanza kuuharibu ni nani? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Meno yake ya utoto yaling'okea mikononi mwangu. Na wivu ninao. Hata nikimpa roho yangu, watu watasema ana macho ya Saumu."

Mkasi, ambaye hakusema neno, akasema. "Mimi sikushindana. Lakini bwana alisema hakimu ni ukuta, na ukuta umehukumu. Juu ya mkeka huu nilimnyonyesha. Tangu hapo nimekuwa nikimsikia akicheka upande wa pili wa komeo."

Saumu akamgeukia. "Ulituona, ukanyamaza!"

"Nilinyamaza," akasema Mkasi. "Nilifundishwa kunyamaza katika nyumba hii."

Bwana Kheri akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Zakia alikuwa amesimama mlangoni, asumini kichwani, hina miguuni, hana pa kukaa.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo, macho yake chini, "miguu inaniuma."

Wakaitika wote watatu kwa pamoja: "Abee, mwanangu."

Haya, ninyi mlioketi raha mustarehe mkinisikiliza. Aliyezaa ana zulia, aliyelea ana mkeka mpya, aliyenyonyesha ana mkeka wa mabaka. Je, mkono wa kulia alistahili nani? Semeni upesi, bibi harusi bado amesimama.