Farasi Ishirini wa Bi Mwanasiti

Bustani ya michezo ilipofungwa, Bi Mwanasiti, mlinzi wake, alibaki akiishi kwenye kibanda cha tiketi pamoja na farasi ishirini wa mbao waliokuwa wakizungusha watoto. Tajiri Shebughe, mwenye kiwanja, akamjia juu.

"Ijumaa namleta mnunuzi. Nisione farasi hata mmoja, kisha na wewe uhame."

"Niwachome, bwana?"

"Moshi utaudhi majirani. Wazike."

"Kwa heshima zao?"

"Utakavyo."

Ijumaa mnunuzi alishuka garini, akasita, akainua mikono kuomba dua. Makaburi ishirini yalikuwa yamepangika mbele yake, kila moja na mrehani wake.

"Ni farasi hao," tajiri alisema.

"Farasi gani hulazwa kuelekea kibla?" mnunuzi aliuliza, akawasha gari.

Kiwanja hakijauzwa mpaka leo. Mirehani humwagiliwa na Bi Mwanasiti.