Ufunguo wa Njia ya Hondohondo

Sogeeni karibu, lakini msikae kwa raha sana, maana mwishoni kazi itakuwa yenu.

Katika msitu wa Ngolua, juu kwenye milima ya Taita, walifanya kazi watu watatu. Wakesho alikaa langoni, na jicho lake halikupitwa na kitu. Mghendi aliongoza wageni, na sikio lake liliijua sauti ya kila ndege. Mkawasi alitunza njia, na miguu yake ilishuka magenge ambayo hata mbuzi huyakwepa.

Ndani ya msitu huo kuna njia ya juu, na kando yake mti mkubwa wenye tundu. Kila mwaka hondohondo jike, ndege mwenye mdomo mkubwa, hujifungia humo, huziba mlango kwa udongo na kuacha ufa tu. Dume humlisha kupitia ufa huo. Dume akitishwa akahama, jike na makinda hufa njaa. Kwa hiyo miezi hiyo geti la njia ya juu hufungwa kwa kufuli, na mtu mmoja tu huruhusiwa kupita, kwa sababu ndege huzoea mtu mmoja, hazoei kundi. Mlinzi wa zamani alikuwa amestaafu. Ufunguo ulibaki kwa Mama Mshai, mwenyekiti wa kamati ya msitu, naye alikuwa bado hajaamua ampe nani. Wote watatu waliutaka.

Siku moja walikuja wageni kumi na wawili. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alipewa fimbo langoni, aje airudishe kwa mkono wake mwenyewe. Fimbo zikitimia, watu wametimia.

Walipofika kwenye geti la juu, mgeni mmoja mwenye kofia ya manjano alilitikisa. "Yaani nimetoka mbali hivi ili nifungiwe ndege?"

"Ndege ndiye aliyejifungia, bwana," Mghendi akasema. "Sisi tunamsaidia tu."

"Kwani wewe ni kiongozi au ni kufuli?"

Wageni wakacheka. Hasira ikamkaba Mghendi, akatangulia mbele, wala hakugeuka nyuma tena. Kofia ya Manjano akampa mwenzake fimbo, akaruka geti.

Saa kumi ukungu ukashuka. Wageni walitoka wakati Wakesho akigombana na dereva wao, aliyekuwa akipiga honi mlangoni mwa msitu. Yule mwenzake Kofia ya Manjano akamkabidhi Wakesho fimbo mbili kwa pamoja, naye akazipokea bila kumtazama usoni. Fimbo zikatimia kumi na mbili.

Ndipo Wakesho alipozipanga ukutani, akainama kuzitazama ncha. Ncha kumi na moja zilikuwa na tope bichi. Ncha ya kumi na mbili tope lake lilikuwa limekauka. "Kuna mtu hajatoka," akasema. Akamuuliza yule mwenzake mara tatu, mpaka akakiri kwamba rafiki yake aliruka geti. Bila jicho lile, basi lingeondoka.

Lakini njia ya juu ina mabonde matatu, na katika ukungu ule huoni mkono wako. Mghendi akaamuru kila mtu afunge mdomo, hata dereva. Akasikiliza. Mbali, kwenye bonde la pili, hondohondo dume alikuwa akipiga kelele zile za kumfukuza mtu. "Yuko kwenye genge, chini ya ule mti wenye tundu," akasema. Bila sikio lile, wangeanza na bonde la kwanza.

Mkawasi hakungoja ufunguo. Alipanda hadi geti la juu, akaokota jiwe, akavunja kufuli, akakimbia. Akashuka genge kwa mikono na miguu, akamkuta yule mtu mguu umevunjika na midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Akambeba mgongoni.

"Polepole basi, unaniumiza," mgeni akanung'unika.

"Ukitaka nikutue hapa, sema."

Bila miguu ile, mtu huyo asingeiona asubuhi. Lakini nyuma yake geti lilikuwa wazi, na wale wageni wengine walikuwa wamemfuata, wakaingia na simu zao juu, wakajazana chini ya mti wakipiga picha. Dume akaruka, akapotea kwenye ukungu.

Kesho yake Mama Mshai aliwaita ofisini. Wakaanza kurushiana maneno kabla hajaketi.

"Bila jicho langu mngekuwa mmelala," akasema Wakesho.

"Jicho gani? Lile lililopokea fimbo mbili kwa mtu mmoja?" Mghendi akamjibu. "Mimi ndiye niliyejua yuko wapi."

"Ungejua tangu mapema ungegeuka nyuma," Mkawasi akasema. "Ulimwacha kwa sababu alikuita kufuli. Jicho na sikio havibebi mtu."

"Na wewe ukiingia kwenu unaacha mlango wazi?" Wakesho akauliza. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, Mama, kwa heshima zote. Ufunguo ulikuwa mjini Voi, kwenye mkoba wako, kwa siku ya tatu. Ungekuwa umempa mtu hapa, kufuli lisingevunjwa."

Mama Mshai akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

Kupitia dirishani, kwa darubini ya Mghendi, walimwona dume. Alikuwa amerudi, ana tunda mdomoni, ametua kwenye mti wa mbali. Anautazama mti wake, hausogelei. Huko ndani jike anangoja kwenye ufa.

Mama Mshai akaweka mezani kufuli jipya na ufunguo mmoja. "Saa nne wageni wengine wanafika," akasema. "Mmoja wenu anapanda sasa hivi kufunga geti na kulinda njia. Wawili wanabaki huku chini, na sitaki kuona mtu amenuna."

Mikono mitatu ikanyooshwa, naye akaufunika ufunguo kwa kiganja.

Ukungu unaanza kupanda, na basi limeshaonekana kwenye kona. Je, ninyi mnaonisikiliza, mngeinua kiganja cha Mama Mshai na kumpa nani?