Mashine Iliyokojoa Maji Baridi

Habari ya huyu mwenye mashine nilisimuliwa na katekista Filbeti Kapele, Mungu amrehemu, wakati kanisa letu halijaezekwa bado na sisi tumekaa juu ya matofali. Alikuwa hapazi sauti yule. Alisema hivi, na mimi nasema kama yeye.

Palikuwa na baba mmoja wa ziwani huku, upande ambao barabara haifiki. Alikuwa na boti ya mbao, na nyuma yake mashine kuukuu, rangi yote imebanduka, lakini ukivuta kamba inaitika. Boti ile ndiyo iliyokuwa gari la watu. Mihogo humo, wagonjwa humo, maharusi humo.

Mashine ya boti inanyonya maji ya ziwa, inayazungusha tumboni mwake ipoe, halafu inayatoa pembeni kwa katundu kadogo, chururu, chururu. Watu wanasema inakojoa. Na akina mama wa kule walikuwa na desturi yao: hapandi mtu mpaka kauona mkojo. Mashine inanguruma, wao wamesimama na vikapu vyao, macho kwenye katundu. Ikikojoa, wanapanda. Isipokojoa, hata ungekuwa askofu, utakwenda peke yako.

Basi siku moja ya gulio mashine ikawashwa, katundu kakavu. Yule baba akaongeza moto, wapi. Mama mmoja muuza mihogo akamwambia, "Baba, mtu asiyekojoa anapelekwa hospitali, hapakii abiria." Wenzake wakacheka, wakabeba vikapu vyao wakaenda kwenye boti ya mtu mwingine.

Aibu ile akarudi nayo nyumbani. Angeifungua mashine aone imeziba wapi, lakini kufungua ni kazi, na gulio lingine linakuja. Akatafuta kampira kembamba. Akakaunga kule chini yanakoingilia maji, akakapitisha ndani ya kifuniko, kajifiche kati ya mipira ya mafuta, mdomo wake akautokezea kwenye katundu. Maji yakawa yanaingia chini na kutoka pembeni, tumboni hayafiki. Gulio lililofuata mashine ilikojoa kama fahali. Mama wa mihogo akasema imepona, akapanda wa kwanza.

Hapo katekista akatuuliza: nani aliyedanganywa pale? Mama wa mihogo? Mashine yenyewe?

Mashine ikaendelea hivyo, nje inakojoa, ndani inaungua. Ikaanza kunuka. Ikaanza kukohoa. Mwisho ikakwama kabisa, kamba haivutiki.

Na nyumbani kwake kulikuwa na binti yake, wa pekee, mimba imekomaa, miguu imevimba mpaka viatu vya baba yake vinambana. Nesi wa zahanati alishasema huyu asizalie hapa, avushwe hospitali ng'ambo ya ghuba kabla uchungu haujamshika. Boti ile nyingine ilikuwa imeshuka kambi za dagaa, haijulikani itarudi lini. Ilibaki hiyo ya baba yake.

Akaitwa fundi, jamaa mmoja mnene, mcheshi, anayeongea na mashine kuliko na watu. Akatoa plagi, akamimina oili kwenye silinda, akaziacha zilowe. Kesho yake akaibembeleza, ikalegea. Akaifungua kichwa. Pistoni zilikuwa zimekwaruzika vibaya.

Fundi akauliza, "Mzee wangu, maji yalikuwa yanatoka?"

"Yanatoka. Muulize mtu yeyote."

Mmeona jinsi alivyosema? Hakuna neno la uongo hapo. Kijiji kizima kingemtolea ushahidi.

Fundi akakuna kichwa. Akasema kama maji yanatoka, basi yanapita. Na kama yanapita na mashine imeungua hivi, kosa ni la mafuta, oili haikutosha kwenye petroli. Na petroli yote ya pale ilichanganywa na mtu mmoja, jirani yake yule baba, wamepakana ua kwa ua, watoto wao wamekua pamoja. Jirani akaapa kwamba kipimo chake hakijabadilika tangu aanze kuuza. Nani atamsikiliza? Maji si yanaonekana yanatoka?

Fundi akatafuta pistoni na ringi kwenye mashine mbovu ya zamani, akazisafisha, akazifunga. Wakaijaribu ziwani kwa petroli ile ile ya jirani, maana nyingine haikuwepo. Ikakojoa vizuri sana, ikafika mlango wa ghuba, ikazima. Wakarudi kwa makasia.

Sasa watu wakamgeukia jirani. Mwenyekiti wa kijiji akasema afunge duka lake, maana huyu ataua watu. Mke wa jirani alikuwa amesimama mlangoni mwa duka kajifunika kanga mpaka machoni. Na yule baba alikuwepo. Alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

Fundi akapata mafuta ya mahali pengine, akachanganya kwa mkono wake. Mashine imeshapoa, inazunguka, akasema safari hii itavuka. Binti akaletwa ufukweni na mama yake, na beseni lake na kanga zake. Akapandishwa taratibu, akakaa, akashika tumbo. Mashine ikawashwa ijaribiwe. Ikakojoa. Akina mama wote wakaona, wakasema Mungu ni mwema. Ikazimwa ili wasukume boti ndani, kisha yule baba akashika kamba awashe tena.

Kamba ikamshinda. Haikuwa nzito, mkono ndio uliokataa. Alimtazama binti yake, naye binti akamtabasamia, maana na yeye aliuona mkojo.

Akasema, "Shuka, mwanangu."

Fundi akauliza kuna nini.

"Mkojo huo ni wa uongo. Nimeuunga mimi."

Fundi akafungua kifuniko, akakafuata kampira kale kwa kidole mpaka chini. Hakumtukana. Alisema tu, "Mzee, nilikuuliza siku ya kwanza." Halafu akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kufungua upya.

Njia za maji zilikuwa zimejaa mchanga na ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika. Wakakwangua kwa waya, wakaloweka kwa ndimu. Jirani alikuja bila kuitwa. Akachukua kipande cha mashine na waya wa kukwangulia, akakaa pembeni. Huku anakwangua akamuuliza mwenye mashine, "Na mafuta, nimimine yangu au bado yana sumu?" Yule baba hakuweza kucheka. Alimwomba radhi mbele ya wote, na mwenyekiti akiwepo.

Kesho yake asubuhi ikawashwa. Maji yakatoka membamba, kidogo kidogo, machafu. Akina mama wakasita. Fundi akawaambia, "Msiangalie tu. Wekeni kidole."

Wakaweka. Maji yalikuwa ya moto.

Yale ya kwanza yalikuwa baridi, wanangu. Mengi, mazuri, baridi kama yalivyotoka ziwani, maana hayakupita popote. Haya yamepita tumboni, yamebeba joto la ndani. Na tangu mwanzo hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole.

Binti alivushwa, akajifungua salama. Lakini tangu siku ile kila anayepanda boti ile anagusa maji kwanza, na mwenye boti anasimama pale anatazama wanavyoyagusa. Anawangoja.

Katekista akatuambia: sisi ndio wenye mashine. Tunasali watu watuone, tunatoa salamu nzuri, tunalia misibani. Chururu, chururu. Lakini neno linaingia kwa sikio na kutoka mdomoni, tumboni halifiki, na ndani tunaungua, mpaka jirani asiye na kosa anafungiwa duka kwa ajili yetu. Anayekusifu amekuona tu. Siku akitokea mtu akunyooshee kidole ajue kama una joto, usimfokee. Simama akuguse. Na akikuta baridi, sema mwenyewe kabla mwanao hajapanda.

Haya, taa inakula mafuta. Wewe wa mwisho usogee ukutani, mwenzako apate shuka. Laleni sasa.