Bamia Zilizofungwa Ukindu

Hadithi, hadithi. Mkishashiba ndiyo mnakumbuka kwamba mna bibi. Mchana nilipotaka mtu wa kumwagia migomba maji ya vyombo, uani palikuwa kimya kama makaburini. Sasa mmejipanga mkekani, macho kodo. Koo linaniwasha na hasira ninazo, na sababu yake mnaijua: bilingani langu nililolifunga limechumwa. Hamsemi? Vyema. Nitasema mimi.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au kikohozi? Paukwa!

Pakawa!

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji wa nyumba arubaini. Katika mji huo alikaa Bi Kazija. Mume hana, kesha kumzika. Ng'ombe hana. Ana ua wa nyuma, basi, na ua wenyewe mdogo, ukitema mate huku yanaangukia kwa jirani. Lakini humo mlikuwa na mchicha, mnavu, bamia, matango, na mipapai miwili pembeni inayonyweshwa maji ya kuoshea mchele. Ganda la muhogo halikutupwa. Jivu halikutupwa. Kinyesi cha mbuzi alikiokota njiani kama mtu anayeokota shanga. Majani makavu aliyatandaza chini ya mimea, tabaka juu ya tabaka, jua lisipate pa kuunyonya udongo.

Na alikuwa na desturi yake. Mboga zikianza kuzaa, alipita shina kwa shina akitazama. Tunda lililo zuri kuliko yote alilifunga uzi wa ukindu mwekundu, mabaki ya mkeka wake. Akifunga, husema:

"Hizi za leo. Hii ya kesho."

Iliyofungwa hailiwi. Inaachwa papo hapo kwenye shina mpaka ikauke yenyewe. Ndipo mbegu zinatolewa, zinachanganywa na jivu, zinatiwa kibuyuni, na kibuyu kinatundikwa juu ya jiko, moshi uwafukuze wadudu. Hizi za leo. Hii ya kesho. Mji mzima ulijua. Mbuzi pia, nadhani, walijua.

Asiyetaka kujua alikuwa jirani yake, Mwinchande.

Huyo Mwinchande, Mungu ampe anachostahili, alikuwa na uga mbele ya nyumba. Alfajiri, fyaa, fyaa, fyaa, anafagia. Alasiri, fyaa, fyaa, fyaa, anafagia tena. Jani likianguka analikimbilia kama limemtukana. Majani yote anayapiga moto. Uga ukawa mweupe, mgumu, unang'aa kama sahani, na mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake yanakwenda zake mtoni. Pembezoni alipanda mibamia mitatu. Ikasimama kama watu waliotoka kuugua.

Siku moja akachungulia kwa Bi Kazija, akamwambia bibi, umekaa jaani, nyoka akikuuma usiniite.

Bi Kazija hakuinua hata kichwa. "Nyoka wangu wananijua, mwanangu. Udongo wako ndio uko uchi, usitiri."

Mwinchande akacheka, akarudi kwenye ufagio. Fyaa, fyaa, fyaa.

Basi mwaka ukaja wa jua. Jua, jua, jua. Bustani za watu zikakauka mpaka zikalia zikikanyagwa. Watu wakala akiba. Akiba ilipokwisha wakashusha vibuyu, wakala na mbegu. Msiwacheke. Njaa haina adabu. Mboga mbichi ikabaki nyumba moja tu, kwa Bi Kazija, chini ya lile jaa lake na maji yake ya vyombo. Kibuyu chake kilikuwa kitupu, mbegu zote kesha kuzipanda, na mwaka ule hakufunga moja moja. Alifunga bamia kumi na mbili na matango matano.

Jumbe wa mji akawakusanya watu. Akasema mvua ikianguka, kila nyumba itapata konzi yake ya mbegu kutoka kwa Bi Kazija. Mpaka siku hiyo, mkono wa mtu usifike kwenye ukindu. Watu wakaitikia wote. Mwinchande naye aliitikia, tena kwa sauti.

Sasa sikilizeni haya.

Mwinchande alikuwa na binti wa kuozwa. Wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja, na jumbe atawaleta. Uga ukafagiwa mara nne. Lakini jikoni mna nini? Unga na nazi moja. Mwinchande akawaza: bibi yule ana bamia nene kama vidole vya baba yangu. Mboga zilizo bora kuliko zote kazifunga uzi, eti mbegu. Uchoyo huo. Mbegu gani inataka bamia kumi na mbili?

Mchana kweupe, Bi Kazija kaenda kuosha maiti ya shoga yake. Kuosha maiti, wanangu! Mwinchande akaruka ua. Chwa, chwa, chwa, akachuma. Alichagua zenye ukindu tu, maana ndizo kubwa. Akaingia jikoni mwenyewe, mwanamume asiyejua hata kisu kinakaa wapi. Mkewe, Mashavu, alikuwa nje anakuna nazi. Akamuuliza bamia zimetoka wapi. Mume akajibu zimetoka kwa Mungu, kuna nazi yako. Akazikatakata, akazitumbukiza chunguni, matango akayakata vipande, nayo humo humo.

Nyinyi mmekwisha kucheka, kwa kuwa mnajua. Bamia ya mbegu ni kuni. Tango la mbegu ni chachu, ngozi yake ngumu kama kiatu. Mtu aliyekaa na bustani angejua kwa kugusa tu. Yeye alikaa na ufagio.

Wakwe wakaketi. Jumbe akaketi. Sahani zikaja. Karu, karu, karu. Mkwe mkubwa anatafuna, machozi yanamlenga. Karu, karu. Jumbe anatafuna, anatazama juu. Hakuna anayesema, heshima ya nyumba ya watu. Mwisho mkwe mkubwa akatia vidole mdomoni, akavuta. Kikatoka kitu kirefu. Kikatoka, kikatoka. Uzi wa ukindu mwekundu.

Jumbe akautazama. Akaweka tonge chini.

Mbegu za nyumba arubaini zilikuwa kwenye chungu kile, zimechemka. Na mbegu iliyochemka, uililie, uiimbie, haioti.

Wakwe waliondoka bila kunawa. Mji ukajaa ugani kwa Mwinchande, wanawake mbele, kila mmoja na jina lake la kumwita. Wengine wakataka afukuzwe leo leo. Bi Kazija alikuja mwisho, bado ananukia karafuu maiti. Akaelezwa. Aliingia uani kwake, akapiga magoti, akaanza kupekua majani makavu. Akapekua, akapekua. Chini kabisa, jaani, pale ambapo Mwinchande asingetia mkono wake msafi, palikuwa na mbamia mmoja ulioinamia chini na kuzibwa na majani, na bamia moja yenye ukindu. Moja. Jua lilikuwa halijaugusa udongo wake.

Akarudi nayo. Mwinchande kaanza kusema atatoa mbuzi. Atatoa mbuzi wawili.

"Mbuzi ataota bamia?" Bi Kazija akamuuliza.

"Hafukuzwi mtu," akasema bibi. "Akienda, atakuwa kala akaondoka. Mimi nataka uga."

Mwinchande akasema chochote, bibi yangu, uga hapana, ndipo ninapopokea watu.

"Umekwisha kuwapokea. Leta jembe."

Akalima uga wake mwenyewe, ule mweupe, unaong'aa, jembe linaruka kama linapiga jiwe. Akapita nyumba arubaini na kapu kichwani, akiomba maganda, jivu na kinyesi cha mbuzi, na kila mlango ulimpa kapu pamoja na neno. Akaja kwa Bi Kazija kuomba majani makavu, yale yale. Mvua ilipoanguka, bibi akampa mbegu za ile bamia moja. Akamwambia hatakula bamia mpaka nyumba ya arubaini iwe imepata konzi yake.

Ilichukua misimu mitatu. Mitatu! Alipanda hakula, akapalilia hakula, harufu ya mchuzi wa bamia ikapita kwa jirani, yeye akala ugali na chumvi. Ufagio ulioza nyuma ya mlango. Na msimu wa tatu Mashavu alimkuta ameinama mahali palipokuwa uga, anafunga bamia kwa uzi wa ukindu, anasema peke yake: hizi za leo, hii ya kesho.

Anayekula ya kesho hajala kwa ujanja, kala midomo ya wenzake. Ndivyo alivyosema Bi Kazija, na ndivyo ninavyosema mimi.

Ngano yangu nimeifunga ukindu hapo, asiichume mtu.

Na aliyekula bilingani langu, jembe liko nyuma ya mlango. Utaanza pale unapochezea mpira.