Waliovikwa Joho Zarumbe

Katika mji wa Zarumbe, wenye kuta nyeupe na masoko ya manukato na watu waliojua kunyamaza, alitawala Sultani Ghalibu bin Sarahani, naye alikuwa na hazina ya dhahabu, na farasi wa kila rangi, na kitu kimoja ambacho mfalme mwingine hakuwa nacho, nacho ni jini wa kumwandikia tarihi. Jini huyo, jina lake Barakhuni, alifungwa ndani ya kidau cha wino na sultani wa kwanza wa ukoo ule, akaapishwa viapo vizito kwamba ataandika habari za kila mfalme wa Zarumbe, wala hataandika wala kutamka ubaya wao hata mmoja. Basi akaandika, mfalme baada ya mfalme, na vitabu vyake vikawa vitamu kuliko halua, kwa kuwa ukweli haukutiwa ndani yake.

Vitabu hivyo vilisomwa barazani na mwanamke aliyeitwa Raihani binti Tamimu, ambaye sauti yake iliwaliza hata wakusanya kodi. Na usomaji ule ulikuwa na ada zake. Kitabu cha mababa kikishaanza kusomwa hakikatizwi na yeyote, hata Sultani mwenyewe. Na msomaji akifika penye maneno yaliyozoeleka hunyamaza, na watu wote huyamalizia kwa sauti moja.

Raihani hakuwa na mtu duniani ila mdogo wake, Haidari, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Haidari akakua, akawa amiri wa jeshi, akawashinda maadui wa mpakani, na aliporudi watu wakampigia vifijo ambavyo Sultani hajapigiwa tangu azaliwe. Sultani akavisikia, akatabasamu, na akatangaza kwamba siku ya Ijumaa atamvika Haidari joho la heshima.

Raihani alifurahi mpaka akalia. Akaenda kwenye nyumba ya vitabu kutafuta mahali pazuri pa kusoma siku hiyo, akakuta habari za Waziri Asimu: "Na Sultani akamvika joho kwa mkono wake mwenyewe, na watu wote wakafurahi." Akafunua kitabu kingine, akakuta habari za tajiri Sufiani kwa maneno yale yale, hayakupungua wala kuzidi. Hilo halikumshangaza, maana waandishi wa kale hupenda kurudia. Lakini alipotaka kujua Waziri Asimu alifanya nini baada ya heshima ile, akafunua ukurasa, na mwingine, na mwingine, asimwone tena. Na Sufiani hali kadhalika. Kila aliyevikwa joho, jina lake lilikoma pale pale, hana ugonjwa, hana safari, hana kaburi. Na yeye Raihani alikuwa ameyasoma maneno hayo miaka na miaka, na kuyaonea fahari.

Akakigeukia kidau. "Ewe Barakhuni, watu hawa walikwenda wapi?"

"Siwezi kusema," ikajibu sauti kutoka kwenye wino.

"Basi kwa nini wote umewaandikia maneno yale yale?"

Jini akasema kwa sauti ya mgonjwa aliyesahauliwa akaja kujuliwa hali: "Nilikatazwa kuandika ubaya wa wafalme, bibi yangu. Sikukatazwa kurudia maneno. Nikayarudia kila walipofanya jambo lile, nikitumaini atatokea mtu wa kusikia. Na watu wa Zarumbe kila nilipoyarudia waliyapenda zaidi, mpaka wakayafanya kibwagizo."

Raihani akakimbia mpaka nyumbani, akamkuta Haidari akijitazama kwenye kioo. "Mdogo wangu, usilivae joho lile. Hapana aliyelivaa akaishi."

"Nani kakwambia?"

"Vitabu."

Haidari akacheka. "Dada, vitabu vimekupanda kichwani! Mikuki imenikosa, leo niogope kitambaa? Heshima hii nimeitolea jasho. Nakuomba usinitie aibu." Raihani akambembeleza, akamshika miguu, naye asikubali.

Ijumaa ikafika, na baraza likajaa, na joho likaletwa juu ya sinia ya fedha. Raihani akasimama na vitabu vyake, akaanza kusoma, wala hakusoma vita, wala hakusoma harusi, bali majoho peke yake. "Na Waziri Asimu, babu wa Kadhi wetu Lukmani, Sultani akamvika joho kwa mkono wake mwenyewe..." Watu wakaitika kwa furaha, "Na watu wote wakafurahi!" Akasoma habari za Sufiani, wakaitika. Akasoma za mwingine, na mwingine, na kila jina likitajwa palikuwa na ukoo uliokaa pale barazani ambao tangu utotoni uliambiwa kwamba mzee wao alisafiri. Waitikaji wakapungua. Sultani akanyanyuka nusu, akakumbuka ada, akakaa. Raihani akaendelea kusoma huku machozi yakimtoka, mpaka akafika penye kibwagizo na hakuna hata mtu mmoja aliyeitika.

Kadhi Lukmani, mzee wa ndevu nyeupe, akasimama. "Maulana, babu yangu yuko wapi?"

"Na wetu?" wakauliza wengine, upande huu na upande ule.

Sultani Ghalibu akamtazama mkuu wa walinzi, na mkuu wa walinzi akatazama chini, kwa kuwa naye alikuwa mjukuu wa Sufiani. Basi Sultani akataka kukimbia, wakamkamata, wakamvika wenyewe lile joho, ambalo bitana yake ilikuwa imelowekwa sumu, na kabla ya adhana ya alasiri alikuwa amekwisha kufa, baada ya mateso ambayo sipendi kuyaeleza.

Watu wakamtawaza Haidari. Akampigia dada yake magoti, akasema, "Taka utakalo."

"Mfungue Barakhuni," akasema Raihani.

Haidari akainuka polepole. "Nimfungue? Na habari zangu nani ataziandika?"

"Ataandika binadamu, naye ataandika yaliyokuwa."

Sultani mpya akafikiri, kisha akasema kwa upole mwingi: "Dada, umenipa uhai, na shukrani zangu hazina mwisho. Nitakuoza kwa mfalme wa Tarshani, ng'ambo ya jangwa, na nitakupa ngamia waliobeba dhahabu na hariri."

"Mbali hivyo, Haidari? Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Lakini sasa mimi ni mfalme, na nikiwa karibu na masikio kama yako sitapata usingizi."

Raihani akalia mbele ya baraza zima, na hapana aliyethubutu kusema neno. Barakhuni akabaki kidauni, na Raihani akaolewa, akavikwa lulu, akazeeka kwa raha katika nchi ambayo hakuna aliyeijua lugha yake. Na mwenye kutaka funzo la hekaya hii, funzo ni hili: ukisikia sifa zinarudiwa mno, uliza zimefunika nini, na ukishajibiwa, mwangalie vizuri pia yule unayemwokoa.