Mbegu Mia Tisa Tisini na Saba za Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakisonga ugali na kutandika vitanda, Mama Pimbi alikaa pangoni na mwanawe mmoja tu, Kipenga, ananyonya bado. Wakaja wageni, Chui na Fisi, eti marafiki wa marehemu mumewe. Wakala siku ya kwanza, wakala ya pili, na kulala wakalala mlangoni, hapapitiki.

Siku ya tatu Fisi akamtazama Kipenga, mate chururu!

"Shemeji, haka katoto kamenona."

Mama Pimbi akamvuta mwanawe karibu. Akimbilie wapi, mlango wameuziba? Akajikaza, akasema mbiombio:

"Shemeji zangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Nipangieni mbegu zangu za maboga kwenye mkeka hapo mlangoni, zipate jua. Safu zilizo sawasawa, ziwe mbili, ziwe ishirini, mtakavyo, ila safu moja tu siitaki, wala safu za mbegu moja moja, na isibaki hata mbegu moja pembeni. Mkimaliza, kuleni mnachotaka. Atakayekula kitu kabla, hana fungu. Haya, apeni!"

"Haki ya mama!" wakaapa, wanacheka. "Kazi ya watoto hii!"

Mbegu zilikuwa mia tisa tisini na saba. Mama Pimbi alizianika wiki nzima, kila siku zikimshinda kupanga, ndiyo maana alizijua.

Chui akapanga safu mbili. Ikabaki moja. Tatu. Ikabaki moja. Nne. Moja!

"Lo! Imerudi hiyo hiyo!"

Tano, zikabaki mbili. Saba, zikabaki tatu. Jua likapanda, likashuka, matumbo ngurungu, ngurungu.

"Hujui kuhesabu, wewe!" Fisi akafoka.

"Na wewe unajua kucheka tu! Panga wewe, mimi nakwenda kunywa maji."

Fisi akapanga safu sita. Ikabaki moja. Akatazama huku, akatazama kule, akaidaka, kwap!

"Zimetimia! Shemeji! Chui! Njooni mwone!"

Chui akarudi mbio. Mama Pimbi akatoka, Kipenga mgongoni. Akazitazama zile safu.

"Shemeji Chui, mbegu hizi ni mia tisa tisini na saba. Zigawe kwa mbili, kwa kumi, kwa thelathini na moja, lazima kitu kibaki, ndivyo namba hii ilivyoumbwa. Leo hakikubaki. Hebu mnuse mwenzio mdomo."

Chui akanusa. Boga tupu!

"Huna fungu! Katoto ni kangu peke yangu!"

"Thubutu! Aliyepanga nani?"

Wakarukiana, paa! puu! wakabingirika mpaka bondeni. Mlango ukabaki wazi. Mama Pimbi akachomoka, huyoo, akajipenyeza na mwanawe kwenye ufa wa jabali usioingia hata mkono wa Chui.

Wale wawili waliporudi wakichechemea, pango lilikuwa tupu. Mkekani zilibaki mbegu tu, safu sita, zimenyooka vizuri.

Ukiijua hesabu yako, mwenye meno hakupunji.