Bi Pimbi na Mali Iliyo Chini ya Mwamba

Hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni!
Imetoka mbali, ina vumbi miguuni.
Ipewe maji!
Maji hakuna.
Basi iketi, itusimulie kwa nini.

Hapo kale, katika bonde la Lukwale, mvua ilikatika miaka miwili. Mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu. Nyasi zikawa vumbi. Wanyama wenye miguu mirefu wakahama. Wenye miguu mifupi wakabaki, maana wangefika wapi?

Katika bonde hilo kulikuwa na pango, na ndani ya pango kulikuwa na akiba ya wote. Waliianzisha mababu zao. Kila msimu wa neema, kila mwenye mdomo alileta kidogo: huyu mbegu, yule mizizi, yule konzi ya nyasi kavu. Hakuna aliyeleta kingi. Lakini kidogo cha huyu na kidogo cha yule kililijaza pango. Na akiba hiyo haikuwa ya kugawiwa ovyo. Ilikuwa ya kuwashika mkono wale waliojitolea kuwatumikia wenzao bila kulipwa.

Mlinzi wa akiba alikuwa Bi Pimbi, mjane, mnyama mdogo mwenye umbo la sungura aliyekatwa masikio. Aliishi kwenye mawe ya mlango wa pango.

Waliojitolea walikuwa vikundi viwili. Kulikuwa na kanga, waliolea vifaranga yatima wa kila aina ya ndege. Na kulikuwa na nungunungu, waliochimba visima.

Sasa, Bi Pimbi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengi. Ukienda kumwomba, hakupi kwanza. Anakuuliza kwanza.

Nungunungu walikwenda kuomba mizizi. Akawauliza wamechimba wapi. Wakasema hapa, na pale, na kule. Akawauliza kama wamepata maji. Wakasema hawajapata.

"Basi nikiwapa mizizi leo," akasema Bi Pimbi, "mtapata nguvu ya kuchimba mashimo makavu zaidi."

Wakanuna. Lakini hakuwaacha waende na uchungu wao. Akafuatana nao mpaka kwenye kichuguu cha mchwa. Mchwa hujenga kwa udongo mbichi hata wakati wa kiangazi, na tangu ukame uanze hakuna aliyewahi kuwauliza wanautoa wapi. Bi Pimbi akawauliza, wakasema wanautoa kwenye kona ya mto, chini kabisa. Ndipo Bi Pimbi akawapa nungunungu mizizi, wakaenda kuchimba kwenye kona ya mto. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru.

Kwa kanga mambo yalikuwa mengine. Kule kazi yote ilimwelemea mmoja, Mama Kanga. Yeye alitafuta chakula, yeye alilisha, yeye aliwafunika vifaranga kwa mbawa zake wakati wa upepo. Wenzake walimpenda, lakini hawakujua afanyavyo. Bi Pimbi akaleta mbegu, kisha akakaa nao siku tatu, mpaka wakapangiana zamu na kila kanga akajua kazi ya mwenzake.

Mama Kanga hakupenda. Alisema anaondolewa kazi yake.

"Dada yangu," Bi Pimbi akamwambia, "sikuondoi. Naogopa siku utakayoondoka mwenyewe."

Siku hiyo haikukawia. Mama Kanga aliugua, akafa kabla mwezi haujaisha. Asubuhi yake vifaranga walilishwa kwa saa ile ile, na aliyewalisha alikuwa akilia. Bi Pimbi naye alilia. Kisha akainuka, akapeleka mbegu za siku hiyo.

Kule mtoni nungunungu walichimba, kwaru-kwaru, mpaka siku moja sauti ikabadilika. Kre! Kre! Wamefika kwenye mwamba. Wakaweka masikio juu yake, wakasikia maji yakipita chini. Wakaukwaruza mpaka kucha zikatoka damu. Mwamba haukusogea. Akiba pangoni ilikuwa inaisha, na vifaranga walikuwa hawalii tena, kwa kuwa koo zilikuwa zimekauka.

Hapo ndipo alipokuja Nyati. Kundi lake lilikuwa limehama zamani, yeye akabaki kwa kiburi, akisema bonde ni lake. Alikuwa amemaliza majani yote ya juu. Sasa akashuka, tim! tim! tim! Vumbi likapanda mpaka kwenye pango.

Akasema amesikia habari ya akiba. Akasema ni upuuzi kuwapa wadogo, ambao hata wakishiba hawaonekani. Kuanzia siku ile yeye ndiye mlinzi, na kila kilichomo kitolewe nje, kiwekwe miguuni pake.

"Na vile vikundi, Mzee?" akauliza Bi Pimbi.

"Mimi ni kikundi tosha," akasema Nyati.

Kanga walitaka kukimbia. Nungunungu walisimamisha miiba, tayari kufa. Bi Pimbi akawapungia mkono watulie. Moyo wake ulikuwa unadunda, du! du! du! Alijua teke moja tu lingemaliza kazi ya mababu.

Akainama kwa heshima. Akasema Mzee akipenda, achukue kilichomo pangoni, lakini ni kidogo, hakitamfikisha kesho. Mali kubwa ya bonde haimo pangoni.

Nyati akasimamisha masikio. "Iko wapi?"

"Kwenye kona ya mto, chini ya mwamba. Wale nungunungu wanaitafuta mpaka kucha zimewatoka. Waulize."

Nyati akawatazama nungunungu, akaona kucha zao. Akaamini. Hakuna anayejitoa damu kwa kitu kidogo.

Akaliacha pango, akashuka mtoni. Akapiga mwamba kwa pembe. Ko! Akapiga kwa kwato. Ko! Akapumua, akapiga tena. Ko! Ko! Ko! Siku ya kwanza mwamba ukapata ufa. Siku ya pili ufa ukatanuka. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, mwamba ukapasuka, pwaa! Nyati akatumbukia ndani mpaka magotini.

Chiriri. Chiririri. Chiririri.

Nyati akageuka huku, akageuka huku. "Mali iko wapi?"

"Umeikanyaga, Mzee," akasema Bi Pimbi.

Nyati akaelewa. Akainua pembe, na wote wakajua wanaweza kufa pale. Lakini alikuwa na kiu ya siku nyingi, na maji yalikuwa yanapanda. Pembe zikashuka. Akanywa.

Alipokuwa anakunywa, vifaranga wakaletwa. Hawakujua habari ya ugomvi. Wakaingia katikati ya miguu yake, wakanywa. Nyati akawaona. Angejongeza kwato moja, angewaponda. Akasimama palepale bila kutikisika, mpaka wa mwisho alipotoka.

Vifaranga wawili hawakuifikia siku ile. Kanga walikuwa wamewazika asubuhi ya siku hiyo hiyo, karibu na mama yao mlezi.

Kisima kile hakikukauka. Nyati naye hakwenda tena pangoni, ila kila mahali hutangaza kwamba kisima alikichimba yeye, kwa hiari yake, kwa kuwahurumia wadogo. Nungunungu walitaka kumkanusha. Bi Pimbi akawaambia wamwache, watu wanywe.

Na ukimsadiki Nyati, wenzangu, fundisho la hadithi ni hili: usiweke hata konzi moja katika akiba ya wote, wala usiwashike mkono wadogo wanaowatumikia wenzao. Kaa tu umngoje mkubwa mwenye tamaa aje kukuibia, maana yeye ndiye huchimba visima.

Nilipoikuta ndipo ninapoiacha. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie, kwangu haiozi.